Inawaka kwa Kuvuta Mara Moja

*Kwako mshauri. Mimi ni mweka hazina wa chama cha kina mama hapa Marani. Tunauza ndizi na omena, na kila wiki mmoja wetu huteremka hadi Kendu Bay kununua omena. Tumechoka kubembeleza wenye mashua. Wengine hutaka zaidi ya pesa, na najua unanielewa. Tumeweka akiba miaka mingi, sasa tumeamua kununua mashua yetu. Shemeji yangu ametutafutia moja ya mbao iliyotumika, pamoja na injini ya Yamaha 15, yote shilingi 230,000. Injini niliiona imefungwa kwenye gogo nyuma ya nyumba ya mwenyewe, imepakwa rangi mpya, na iliwaka kwa kuvuta kamba mara moja tu. Nilipoomba tuijaribu majini, mzee alicheka akasema injini ni injini. Anadai imetumika miaka miwili tu, na kwamba kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi hii, kabla Machi haijaisha. Shemeji amenikasirikia, anasema simwamini. Pesa si zangu peke yangu. Nifanyeje? – Mweka Hazina, Marani*

Dada yangu Mweka Hazina,

Tuanze na huyo mteja wa Jumamosi. Upande wetu wa Kenya, uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wapate kuzaana. Mtu anayekimbilia mashua ya omena siku chache kabla ya kufungwa, kisha akae akiitazama miezi minne imepanda ufuoni, ama halijui ziwa ama hayupo. Mimi nadhani hayupo. Mkinunua Jumamosi au mkinunua Juni, omena wenu wa kwanza watatoka Agosti. Mwenye haraka hapo ni muuzaji, kwa sababu kuanzia Aprili mashua yake haitamwingizia kitu, na bei itaanza kuteremka bila nyinyi kufungua mdomo.

Sasa injini. Umeniandikia kwamba ilikuwa kwenye gogo. Hukuniambia kama mguu wake wa chini ulikuwa umezamishwa kwenye pipa la maji, na hilo ndilo ninalotaka kujua kuliko yote. Injini ya mashua haina rejeta. Inapozwa na maji ya ziwa lenyewe, yanayovutwa na pampu ndogo iliyo kwenye mguu huo, na ndani ya pampu kuna kigurudumu cha mpira chenye mapezi. Ikiwashwa kavu, mpira huo huanza kuungua baada ya sekunde chache. Kama mzee aliiwasha kavu mbele yako ili kukufurahisha, basi amewafurahisha wengi kabla yako, na kila aliyefurahishwa alimpunguzia pampu. Kama kulikuwa na pipa, vizuri, lakini hata hivyo injini ilikuwa haifanyi kazi yoyote. Ilikuwa inanguruma tu.

Kuhusu kuwaka kwa kuvuta mara moja: uliigusa kabla haijavutwa? Injini iliyotoka kuzimwa nusu saa iliyopita huwaka upesi hata ikiwa imechoka. Inayosema kweli ni injini baridi. Rudi asubuhi na mapema bila kupiga simu, fungua kifuniko, weka kiganja juu ya kichwa cha injini. Ikiwa ya moto, kunyweni chai mpaka ipoe, ndipo ivutwe. Ikihitaji kuvutwa mara tatu au nne ikiwa baridi, hilo halinisumbui hata kidogo.

Na ile rangi mpya ndiyo iliyonifanya nisome barua yako mara ya pili. Mashua hupinduka ziwani, na injini ikizama, hata ikitolewa na kuoshwa, maji hubaki kwenye beringi na kutu huanza kazi yake kimyakimya. Mwenye injini ya namna hiyo mara nyingi huipaka rangi. Chini ya kifuniko, angalia pembe ambazo brashi na kitambaa havifiki: kuna tope laini lililokauka? Skrubu zina kutu ilhali bati limeng'aa? Nyaya ni mpya peke yake katikati ya vitu vikuukuu? Rangi safi si kosa, lakini iwe na maelezo.

Miaka miwili nayo haina maana. Injini hizi hazina mita ya kilomita kama gari. Mashua ya omena hufanya kazi usiku wa giza, na hupumzika mbalamwezi ikiwa kali kwa sababu taa za wavuvi hazivuti samaki vizuri. Hata ukitoa siku hizo na miezi ya kufungwa, bado miaka miwili ya omena ni saa nyingi mno. Usimuulize mwenye mali, waulize vijana waliokuwa wakiiendesha: ilikuwa ikizima ikiwa moto? Walikuwa wakichanganya oili gani? Yamaha 15 za mipigo miwili (two-stroke) haziwekewi oili ndani kama gari. Huchanganywa na petroli, kwa kawaida lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na iwe oili ya injini za mashua. Kijana akikuambia walikuwa wakikadiria kwa macho, au wakitia yoyote iliyopatikana kwa fundi wa bodaboda, umepata habari ambayo mzee hangekupa.

Hapo ndipo mtahitaji fundi. Asiwe wa ufuo huo, wala asiletwe na shemeji. Mtafuteni Kisumu au Homa Bay. Kazi yake ya kwanza ni kutoa plagi zote mbili. Zikiwa za rangi ya kahawia, sawa. Nyeupe kama chokaa ni ishara kwamba silinda inachoma kwa joto kupita kiasi. Moja ikiwa na matone ya maji au kutu, pengine gasketi ya kichwa imekufa. Kisha apime kompresheni kwa geji, silinda moja baada ya nyingine, na aandike namba zote mbili. Geji wanazotumia mafundi wa magari inafaa, mradi iwe na kiungo cha milimita 14. Zaidi ya ukubwa wa namba, tazameni tofauti kati yake. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, silinda moja imechoka kuliko mwenzake, na hapo mnanunua pistoni na ringi, pengine kuchonga silinda, mkidhani mnanunua mashua.

Mahali ninapotaka fundi akae zaidi ni chini, kwenye gia, kwa sababu ziwa letu limejaa nyavu. Uzi wa nailoni hujizungusha kwenye shafti nyuma ya propela na kukata sili polepole, maji yakaingia kwenye oili ya gia, na huku juu injini inaimba vizuri kabisa. Kwa hiyo propela itolewe na uzi utafutwe. Halafu, asubuhi mashua ikiwa imelala usiku kucha bila kuguswa, skrubu ya chini ya giaboksi ilegezwe kidogo sana. Maji yakitangulia kutoka, sili imekwisha, maana maji hukaa chini ya oili. Oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, ni yaleyale. Ikiwa na vumbi la chuma linalometameta, gia zenyewe zinajila. Baada ya hapo fundi aweke gia huru, azungushe shafti kwa mkono na kutazama ncha yake: ikiyumba, imewahi kugonga jiwe.

Yote hayo yakipita, ndipo mwende majini, na hapo sitaki huruma. Pakieni watu au mawe mpaka mashua iwe na uzito wa kazi, si mzee peke yake na tabasamu lake. Muikimbize kwa nguvu zote dakika 15 au 20. Tazameni kijito cha maji kinachotoka nyuma ya injini: kitoke kwa nguvu, kisikatike. Kikikatika, huenda ni gugumaji limeziba, huenda ni pampu. Zimeni mara moja muangalie. Injini ikipiga kelele kubwa na mashua haiongezi mwendo, propela inateleza kwenye kitovu chake cha mpira. Gia ikiruka mzigo ukizidi, meno yake yamelika. Kisha zimeni, mngoje dakika 10, muiwashe tena ikiwa ya moto. Nyingi huumbukia hapo. Mkirudi, legezeni tena ile skrubu ya chini.

Mashua yenyewe nitaipitia haraka: chukua bisibisi uudungedunge ubao wa nyuma unaobeba injini. Ikizama kama kwenye ndizi mbivu, msiendelee.

Kuna jambo jingine ambalo hamkuuliza. Wizi wa injini ziwani ni tatizo la miaka mingi. Yamaha ina bamba lenye namba kwenye kishikio kinachoibana kwenye mashua. Likiwa halipo, limekwanguliwa, au limefunikwa na ile rangi mpya, ondokeni. Likiwepo, andikeni namba, mwende nayo kwa BMU, yaani kikundi rasmi kinachosimamia ufuo huo. BMU zilitambuliwa kisheria na kanuni za 2007, na huwa na orodha ya mashua na wenyewe. Ulizeni pia kituo cha polisi kama kuna aliyeripoti namba hiyo. Hati ya mauziano itaje namba ya injini na jina la chama, si jina la shemeji, wala lako.

Wazo lenu ni zuri. Kina mama wa ufuo wa Nduru, Nyakach, walianza kumiliki mashua zao mwaka 2011 kwa sababu hiyohiyo uliyonigusia, wakaajiri wanaume wavue. Lakini mbao huoza na ziwa hufurika, na mafuriko ya 2020 yaliwahamisha watu wa Nduru. Kwa hiyo msitoe akiba yote. Bakisheni ya pampu, plagi, sili na propela ya pili, na msichukue mkopo ambao marejesho yake yanaanza Aprili.

Sasa shemeji. Muulize kwa upole kama angelipia ng'ombe wa maziwa ambaye mwenyewe amekataza kumkamua. Simtuhumu; inawezekana alitaka kuwasaidia tu, na anaona aibu kumhoji mzee anayemfahamu. Inawezekana pia ameahidiwa kitu kidogo. Huna haja ya kujua ni lipi. Mwambie uamuzi si wako, chama kimesema hakitoi pesa bila ripoti ya fundi, na kwamba mnamwomba aandamane nanyi majini awe shahidi. Jumamosi usiende. Tuma ujumbe kwamba mtakuja na fundi mwezi wa nne, na kwamba mteja yule akiichukua, hamna kinyongo. Nauli na malipo ya fundi yatoke kwenye chama, na namba zake zisomwe mbele ya wanachama wote kabla hujaenda benki.