Mambo Mapya na Mambo ya Kila Siku

Wasomaji wetu, mara nyingi twasikia neno hili: "Yale yale kila siku!" Mtoto hulisema shuleni, mama huambiwa jikoni, na mwalimu wa usharika huliona katika nyuso za watu wapigao miayo. Naye hushikwa na hofu, akatafuta upesi kitu kipya. Je, afanya vema? Na tuliangalie jambo hili kwa mambo tuyajuayo hapa Usukuma.

1. Nguvu ya jambo jipya

Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Husimuliwa ya kuwa waanzilishi wao ni waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana katika karne ya 19. Mavuno yakiisha, tangu Juni hata Agosti, makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watazamaji huenda wapendako. Kundi lenye watu wengi ndilo mshindi. Kwa hiyo kila kundi hutafuta jambo ambalo macho hayajaliona: hawa huleta chatu, wale nungunungu, na watu hukimbilia huko. Lakini jambo lile likiletwa tena na tena, macho hushiba, nao hugeukia upande wa pili. Basi jambo jipya lina nguvu ya kuvuta. Ila kesho lataka jipya lingine.

2. Nguvu ya jambo la kurudiwa

Sasa tazama bugobogobo, ngoma ya majembe. Asili yake ni shambani: wakulima walilima pamoja, wakiinua na kushusha majembe kwa mdundo wa ngoma. Pigo la kwanza na la mia yalikuwa sawasawa. Asimamaye kando huenda akachoka kutazama. Bali yeye alimaye alisaidiwa na mdundo ule. Alijua pigo lijalo, akakutana nalo pamoja na wenzake. Ngoma ni ile ile, lakini mmoja hutazama, na mwingine yumo ndani yake.

Chakula nacho chatufundisha. Mpe mtu wa kando ya ziwa sato siku saba mfululizo, ataomba dagaa au mlenda. Lakini ugali hataki ubadilishwe. Tena mwaka 1968 Robert Zajonc, mtaalamu wa elimu ya nafsi huko Marekani, alieleza majaribio ambamo watu walionyeshwa maneno na picha wasizozijua; zile walizoziona mara nyingi ndizo walizozipenda zaidi. Basi kuzoea si adui wa kupenda sikuzote.

3. Yatupasayo

Watu wakipiga miayo, tusiwe wepesi wa kutafuta chatu. Kwanza tuulize: je, wamo ndani ya kazi, au wanatazama tu? Wimbo wa zamani ulioachiwa wachache huwachosha wakaao kimya. Wakipewa sehemu yao, huamka. Zaburi ya 136 ina aya 26, na kila aya ina itikio lile lile, kwa maana yafaa kuitikiwa na watu wote. Lakini Zaburi ya 96 yataka wimbo mpya. Yote mawili yana kazi yake: kitoweo na kibadilike, ugali na ukae.

Hata hivyo tusijidanganye. Kuna kurudia kusiko na uhai, mwalimu asomapo huku moyo wake uko mbali. Jembe lisilogusa udongo halilimi, hata likiinuliwa mara mia. Hapo tusiyalaumu maneno ya zamani. Kosa ni letu.

Maswali ya kujiuliza

(a) Ni jambo gani tulifanyalo kila siku wala halituchoshi? Kwa sababu gani?
(b) Ni jambo gani tuliliacha kwa kuchoka, kumbe tulikuwa tukilitazama tu?
(c) Katika kazi yetu, ugali ni upi, na kitoweo ni kipi?