Oili ya Gia: Soma Mkebe Kabla ya Kununua

Pikapu ya maziwa ikianza kukwaruza kila inapotiwa gia ya pili, wengi humlaumu dereva au klachi. Pengine kosa lilifanyika dukani. Mwenye duka la vipuri aliuliza "oili gani?" akajibiwa "ya gia tu." Giaboksi ikiharibika, gari la biashara husimama siku kadhaa na mwenye gari hulipa fundi huku hana mapato.

Kwenye mkebe kuna mambo mawili ya kusoma. La kwanza ni uzito wa oili, kama 75W-90 au 80W-90. Namba hizi usizilinganishe na za oili ya injini, kwa maana vipimo ni tofauti: oili ya gia ya 90 hukaribiana kwa uzito na oili ya injini ya 40 au 50.

La pili, ambalo husahaulika sana, ni daraja: GL-4 au GL-5. Watu hudhani 5 ni bora kwa kuwa ni kubwa kuliko 4. Sivyo. GL-5 inalenga zaidi difu, ambamo meno ya gia husuguana kwa shinikizo kubwa, na kwa hivyo ina kemikali nyingi zaidi za salfa na fosforasi. Giaboksi ya gari linalotiwa gia kwa mkono ina ringi za sinkronaiza, ambazo katika magari mengi ni za shaba ya manjano. Kazi yake ni kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana, na haziwezi kufanya hivyo bila msuguano kidogo. Oili ikiwa telezi kupita kiasi, ringi hazishiki. Zaidi ya hayo, baadhi ya oili za GL-5 huila shaba polepole, hasa giaboksi ikipata moto.

Basi fuata kitabu cha gari. Kikisema GL-4, nunua GL-4. Kikisema GL-5, nunua hiyo. Zipo pia giaboksi za mkono zinazotumia ATF, na ukizitilia oili ya 90 gia zitakuwa nzito. Magari yetu mengi yalitumika Japani kwanza, na kitabu, kama kipo, ni cha Kijapani. Usikitupe. Kwa kawaida GL-4 na 75W-90 huandikwa humo kwa herufi hizi hizi tunazozisoma.

Mkebe wenye alama ya ubora ya KEBS una namba ya kibali. Tuma SM#, ukifuatisha namba hiyo, kwa 20023 ili kujua kama ni halali.

Siku ya kubadilisha, endesha gari dakika kumi hivi ili oili ilainike, kisha liegeshe mahali tambarare. Ukiliinua, liweke juu ya stendi pande zote likae sawa. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Fungua kwanza bolti ya kujazia, iliyo ubavuni mwa giaboksi, kabla ya ile ya kumwagia. Wapo waliomwaga oili yote, kisha bolti ya juu ikakataa kabisa kufunguka, na gari likabaki hapo hapo bila tone.

Itazame oili inayotoka. Uji wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ni wa kawaida. Vipande vya chuma si vya kawaida. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hilo hutokea gari likivuka mto au barabara iliyofurika: giaboksi yenye moto ikipoa ghafla, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji. Hapo usingoje kilomita zitimie.

Weka washa mpya, rudisha bolti ya chini, kisha jaza hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Katika magari mengi hicho ndicho kipimo. Usikaze kwa nguvu zako zote, kwani giaboksi nyingi ni za alumini na nyuzi zake hukatika upesi.

Oili chakavu usiimwage mtaroni, wala uani kutuliza vumbi, wala kwenye nguzo kufukuza mchwa. Mvua huipeleka mtoni. Itie kwenye mtungi wenye kifuniko, uandike "oili chakavu", na uipeleke kwenye gereji inayouzia mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA.