MADOADOA YA NGOZI: TUYATIBUJE NA TUYAZUIEJE?

Naomba nizungumzie jambo ambalo wengi huliona dogo: madoadoa ya ngozi, hasa ya watu wazima. Najua baadhi yenu mtasema, "Sisi ni vijana, hayo yatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Jua linalomletea mtu madoa akiwa na miaka 50 lilianza kumchoma akiwa na umri wetu.

Madoa hutoka wapi?
Ngozi ina rangi iitwayo melanini, ambayo huikinga na miale ya jua. Jua likipiga mahali pale pale miaka mingi, rangi hiyo hurundikana, doa likatokea. Sisi Waafrika tuna melanini nyingi, kwa hivyo madoa ya namna hiyo kwetu si mengi kama kwa Wazungu. Yetu zaidi ni haya:
(a) Vijipele vyeusi vya mashavuni ambavyo huandama ukoo. Nyanya yangu anavyo. Haviumi wala si ugonjwa.
(b) Mabaka ya kahawia usoni, ambayo huwapata akina mama wengi wakiwa waja wazito.
(c) Alama nyeusi zinazobaki baada ya chunusi. Hizi ndizo zetu wanafunzi!

Huku Kisii na Nyamira kuna baridi, na mtu hudhani penye baridi hakuna jua kali. Sivyo. Tuko karibu na Ikweta, tena milimani. Kila mita 1,000 unazopanda, miale hiyo huongezeka kwa karibu asilimia 10, na mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Basi mama anayechuna majani chai kule Nyansiongo, na yule anayeuza ndizi sokoni Daraja Mbili, wote wanachomwa hata kukiwa na mawingu.

Tiba
Wengine hupaka ndimu. Jameni, ndimu ikipigwa na jua huichoma ngozi, na doa huzidi weusi. Lakini hatari kubwa ni krimu za kujichubua, ambazo Watanzania huziita mkorogo. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo na yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zaidi ya miligramu 1 kwa kilo kuanzia 2020, na mwaka 2023 nchi zikakubaliana kuondoa hata kiwango hicho. Hata hivyo bado huuzwa kwa siri. Nyingine zina hidrokwinoni. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza jinsi waliojipaka dawa hiyo kwa muda mrefu walivyotokewa na weusi wa samawati usioondoka. Yaani mtu anatafuta weupe anapata weusi!

Daktari wa ngozi aweza kukupa krimu ifaayo, kwa kipimo na kwa muda maalum. Aweza pia kuliondoa doa kwa kuligandisha, ingawa kwa ngozi nyeusi hilo laweza kuacha alama nyeupe. Kwa hivyo muulize kwanza.

Doa la kuogopa
Doa jipya linalokua, kubadilika rangi au kutoa damu lisingojwe. Kwa Waafrika saratani ya rangi ya ngozi hupenda kujificha kwenye nyayo na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 tu.

Kinga
1. Vaa kofia pana au jitande leso, na shati la mikono mirefu ukiwa shambani.
2. Pumzika kivulini kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, ukiweza.
3. Usitumbue chunusi.
4. Usinunue krimu isiyoandikwa vilivyomo.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ngozi yetu nyeusi ni mwavuli tuliozaliwa nao. Kwa nini tuuchane kwa pesa zetu wenyewe?

Maswali
1. Kwa nini jua la milimani ni kali ingawa kuna baridi?
2. Taja madhara mawili ya zebaki.
3. Tunga sentensi ukitumia: kujichubua, mabaka, huandama.