Chanjo Kabla ya Safari ya Nchi za Nje

Asha ni mwanafunzi wa darasa la tano mjini Kigoma. Mjomba wake, Mzee Rajabu, ni mfanyabiashara wa chumvi. Huinunua Uvinza na kuiuza sokoni. Siku moja mjomba aliamua kuvusha magunia 60 ya chumvi hadi Kalemie, mji wa Kongo ulio ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Alipata pasi ya kusafiria, akalipia mzigo, na magunia yakapelekwa bandarini. Zilikuwa zimebaki siku tatu boti iondoke.

Jioni hiyo Asha aliiona pasi mezani. "Shikamoo mjomba," alisema. "Na kadi ya manjano umekwisha pata?"

"Marahaba, mwanangu. Kadi gani tena hiyo?"

Kesho yake asubuhi walikwenda pamoja kwenye ofisi ya afya. Bwana Afya aliwapokea vizuri, lakini habari yake haikuwa njema. "Mzee wangu, sindano nitakuchoma leo hii. Ila kadi yako haitakubaliwa Kalemie mpaka zipite siku kumi."

Mzee Rajabu alikasirika. "Sindano ikishaingia mwilini imeingia! Siku kumi za nini? Mvua zimeanza, na chumvi yangu iko bandarini."

Swali la Mzee Rajabu ni zuri. Ili tulijibu, kwanza yatupasa kuujua ugonjwa wenyewe.

Homa ya manjano

Homa ya manjano huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Virusi hivyo huchukuliwa na mbu aitwaye Aedes. Mbu huyu ana madoa meupe miguuni, naye huuma mchana, tofauti na mbu wa malaria ambaye huuma usiku. Hutaga mayai yake katika maji yaliyotuama ndani ya mitungi, makopo, matairi makuukuu na vifuu vya nazi.

Mtu aliyeumwa na mbu mwenye virusi haugui papo hapo. Hupita siku 3 hadi 6. Kisha hushikwa na homa, maumivu ya kichwa na mgongo, na kutapika. Wagonjwa wengi hupata nafuu baada ya siku chache. Lakini wachache hushikwa tena kwa nguvu: ini huharibika, macho na ngozi huwa rangi ya manjano, na damu huweza kutoka puani na mdomoni. Karibu nusu ya hao hufa. Hakuna dawa ya kuviua virusi hivi. Daktari huweza tu kumsaidia mgonjwa wakati mwili wake ukipigana.

Sasa fikiri juu ya zile siku 3 hadi 6. Msafiri aweza kuumwa na mbu leo, kesho akavuka mpaka akiwa mzima kabisa, akacheka na wenyeji wake, na baada ya siku chache akashikwa na homa. Mbu wa mji ule wakimwuma, huvichukua virusi na baadaye huwapa watu wengine. Hivyo ndivyo ugonjwa usafirivyo. Mwishoni mwa mwaka 2015 homa ya manjano ilizuka Luanda, mji mkuu wa Angola. Mwaka 2016 ilifika Kongo. Wasafiri wawili walirudi nayo Kenya, na wengine 11 wakarudi nayo hadi China. Mbu wa Aedes wapo katika nchi nyingi za Asia, lakini homa ya manjano haijapata kuenea huko. Ndiyo maana watu wa afya waliogopa sana. Chanjo nayo ilikuwa haba. Mjini Kinshasa mamilioni ya watu walichanjwa kwa sehemu moja ya tano tu ya kipimo cha kawaida, ili kila mtu apate kidogo.

Sisi pia tunao mbu hao. Ndio walioeneza homa ya dengi Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019.

Chanjo ilivyopatikana

Mwaka 1927 wataalamu walichukua damu ya mgonjwa mmoja wa Ghana aliyeitwa Asibi. Bahati njema, Asibi alipona. Virusi vya damu yake vilipelekwa katika maabara. Huko New York, Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, pamoja na wenzake, walivikuza katika chembe hai za vifaranga ambao hawajaanguliwa. Walivihamisha kutoka chombo hadi chombo, zaidi ya mara mia moja, mpaka vikapoteza ukali. Chanjo ilitangazwa mwaka 1937. Mwaka 1951 Theiler alipewa Tuzo ya Nobel. Chanjo itumikayo hadi leo ni ya ukoo wa virusi vile vya Asibi.

Basi chanjo si dawa ya kutibu. Ni virusi vilivyodhoofishwa. Fikiria mgambo wa kijiji wanaoonyeshwa mwizi aliyefungwa kamba. Hawezi kuiba, lakini wao humkariri sura yake. Mwili nao huvitambua virusi dhaifu, kisha huanza kutengeneza kinga ya kuvishambulia. Kazi hii haiishi kwa siku moja. Siku ya kwanza kinga haipo. Kufikia siku ya kumi, karibu watu wote waliochanjwa huwa na kinga ya kutosha.

"Nikikuruhusu uende keshokutwa," Bwana Afya alimwambia Mzee Rajabu, "kadi itakuwa mfukoni, lakini kinga haitakuwa mwilini."

Kadi ya manjano

Kadi hii ni cheti cha kimataifa cha chanjo. Huandikwa jina la msafiri na tarehe ya chanjo, hutiwa sahihi na mhuri. Zamani ilidumu miaka 10, ndipo mtu akachanjwa tena. Tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Wazee wenu huenda wakakumbuka pia cheti cha ndui. Hicho hakitakiwi tena, kwani mwaka 1980 ilitangazwa kwamba ndui imekwisha duniani.

Si kila mtu huchanjwa. Watoto wadogo, kwa kawaida walio chini ya miezi 9, husubiri. Mtu anayedhurika vibaya akila mayai hana budi kumwambia mganga, kwa sababu chanjo hii hukuzwa katika mayai ya kuku.

Kila safari ina ushauri wake. Mahujaji waendao Makka huchanjwa homa ya uti wa mgongo, nayo pia siku kumi au zaidi kabla ya kufika. Kwa malaria msafiri hubeba chandarua, na kwa kipindupindu huchemsha maji ya kunywa.

Mzee Rajabu alichomwa sindano tarehe 4 Machi. Alikodi turubai, akayafunika magunia yake. Hata hivyo manne yalilowa. Tarehe 15 alipanda boti. Asha alikuwa bandarini kumwaga, na mjomba alimwonyesha kadi iliyo ndani ya pasi.

Kazi ya kufanya

Tafuteni maji yaliyotuama karibu na shule. Choteni viluwiluwi vya mbu, mviweke katika chupa ya kioo, na mfunge mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi. Viluwiluwi vya Aedes huning'inia kichwa chini. Vya mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji. Chupa yenu ina vya aina gani? Mbu wasitoke! Mwisho mwageni maji juu ya mchanga mkavu.

Maswali

1. Kwa nini msafiri mwenye virusi vya homa ya manjano aweza kuonekana mzima?
2. Eleza tofauti kati ya chanjo na dawa ya kutibu.
3. Mtu aliyechanjwa kwa mara ya kwanza tarehe 3 Juni, kadi yake itaanza kukubaliwa tarehe ngapi?
4. Chanjo ya Mzee Rajabu iliwalindaje watu wa Kalemie?
5. Mwulize mzazi wako chanjo ulizopata ulipokuwa mtoto mchanga. Ziandike katika daftari lako.