Namna ya Kula Tung Lò Mò, Soseji Chachu ya Wacham wa Châu Đốc

Msafiri afikaye Vietnam akiwa na hamu ya nyama zisizo za kawaida hakosi mtu wa kumpeleka penye nyoka, au penye panya wa mashamba ya mpunga, au penye mchuzi wa matumbo ya farasi wanaoupika Wahmong wa milima ya kaskazini. Na kila chakula katika hivyo kina wenyewe, wanaokipenda kwa dhati na wenye haki ya kukipenda. Walakini aghalabu mgeni hupelekwa huko ili aonyeshe ushujaa wake mbele ya kamera, wala si ili ajue jambo, na mtu alaye kwa ajili ya kuwashangaza wenziwe huondoka mezani pasipo kumjua aliyempikia. Mimi nanasihi njia nyingine: tafuta nyama ambayo wenyeji huila majumbani mwao pasipo kutazamwa na mtu, nyama waliyoibuni kwa mujibu wa sharia yao, jua lao na mto wao, kisha ukaile papo hapo kwa adabu ya mgeni. Mfano wangu ni tung lò mò, soseji ya ng'ombe iliyochachushwa, ambayo Wacham wa Châu Đốc huitengeneza kusini-magharibi mwa nchi hiyo, karibu na mpaka wa Kambodia.

Nasaha hii naielekeza kwanza kwa msafiri Mwislamu wa pwani yetu, ambaye katika nchi ile huishi kwa wali, mayai na samaki, akidhani kwamba mipaka ya dini yake imemfungia mlango wa ladha zote nzuri. Nimeona kinyume cha dhana hiyo. Mpaka huo huo ndio ulioniongoza hadi Châu Đốc, na kama ningekuwa mtu alaye kila kitu, pengine ningalishiba katika mji wa kwanza nisiufikie wa mwisho. Lakini hata asiye Mwislamu atapata faida, maana chakula hiki ni kitamu kwa kila mwenye ulimi.

Wajue kwanza wenye chakula

Wacham ni watu wa ufalme wa kale wa Champa, ulioenea katika pwani ya kati ya nchi ambayo leo ni Vietnam, na ulioacha minara ya matofali ya Mỹ Sơn, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Bandari zao zilikuwa vituo katika safari za vyombo baina ya Bahari ya Hindi na China, bahari ile ile ambayo kwa upande wake wa magharibi ilizilisha Kilwa na Mombasa, na wafanyabiashara Waislamu waliotia nanga huko waliwaachia imani pamoja na bidhaa. Mji wao wa Vijaya ulitekwa na Wavietnam mwaka 1471, na utawala wao wa mwisho ulifutwa mwaka 1832 katika zama za mfalme Minh Mạng. Katika karne hizo watu walitawanyika, wengi wakakimbilia Kambodia, na baadhi ya vizazi vyao wakapiga maskani kandokando ya mto Hậu, ambao ni mkono mmoja wa mto Mekong, katika jimbo la An Giang.

Haifai kuwachanganya na ndugu zao waliosalia pwani ya kati, ambao wengi wao wanafuata dini ya Kibrahmani, na hao ng'ombe hawamli. Wacham wa An Giang ni Waislamu wa Sunni wa madhehebu ya Shafii, madhehebu yale yale yaliyotamalaki Lamu, Zanzibar na Komoro, hata mgeni atokaye kwetu anapoingia msikitini mwao na kuwaona wazee wamevaa saruni na kofia hahitaji kufundishwa mahali pa kusimama wala wakati wa kuitikia.

Wamezungukwa na majirani ambao nyama yao ya kila siku ni ya nguruwe, na ambao wana ufundi mkubwa wa kuihifadhi: wana soseji tamu iitwayo lạp xưởng, na wana nem chua, nyama iliyosagwa ikachachushwa na kufungwa kwa majani. Mcham anayaona hayo sokoni kila asubuhi, na hayamhusu. Anayo soseji yake, iliyo ng'ombe kwa nyama, ng'ombe kwa shahamu, na ng'ombe hata kwa utumbo unaoifunika; na nionavyo mimi, sharia haikumnyima kitu, bali ilimpa kazi ya kubuni, naye akaifanya vizuri kiasi cha kwamba majirani wale wale huvuka mto kuja kununua kwake.

Namna inavyotengenezwa

Nyama huchaguliwa isiyo na kano, hukatwakatwa au kusagwa, kisha huchanganywa na shahamu ya ng'ombe, wali uliokwisha poa, chumvi, sukari, kitunguu saumu na pilipili manga, kila nyumba kwa vipimo vyake isivyovisema kwa kila mtu. Utumbo huoshwa mara nyingi kwa chumvi na kukwanguliwa hadi ukawa mwembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Mchanganyiko hushindiliwa humo, utumbo ukafungwa kwa uzi katika vipande vifupi vya kutosha tonge moja au mawili, na mkufu mzima ukaanikwa juani kwa muda wa siku mbili tatu.

Siri yote imo katika ule wali. Bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa huula wanga wake na kuugeuza asidi ya laktiki. Asidi hiyo, pamoja na chumvi, huwazuia bakteria wanaoozesha, na jua nalo hupunguza maji yaliyomo katika nyama. Katika bonde lenye joto na unyevu, ambako miezi ya mafuriko maji hupanda hadi chini ya sakafu za nyumba, uchachu ndio ulinzi wa nyama kabla haujawa ladha yake. Mlaji akilijua hilo hatakunja uso anapoipata ile harufu ya kwanza, yenye ukali kidogo, ambayo kwa asiyejua hufanana na dalili ya kuharibika.

Namna ya kufika

Kutoka Ho Chi Minh City hadi Châu Đốc ni takriban kilomita 250, na basi huchukua sehemu kubwa ya mchana, likipita katika mashamba ya mpunga na mivumo inayofanana sana na ya kwetu, ambayo wenyeji huigema na kupika sukari. Ni vema kulala Châu Đốc, kisha kuvuka mto asubuhi kwenda Châu Giang, kilipo kijiji cha Wacham. Kwa miaka mingi watu walivuka kwa pantoni. Tangu mwaka 2024 liko daraja. Ukitazama majini utaona nyumba zinazoelea, na chini ya sakafu zake samaki wanaofugwa katika vizimba. Na ukifika ng'ambo utaona nyumba za mbao zilizosimama juu ya nguzo, na Msikiti wa Mubarak wenye kuba na mnara.

Miezi iliyo bora ni ya kiangazi, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa sababu jua huwa la uhakika na soseji hukauka sawasawa. Jiepushe na saa ya sala ya Ijumaa kwa shughuli za kununua. Na ukifika mwezi wa Ramadhani, subiri magharibi, maana si uungwana kuuliza habari za kuchoma nyama kwa mtu aliyefunga.

Namna ya kuingia na kuuliza

Vaa nguo za heshima, vua viatu penye ngazi, na toa salamu kabla ya neno lolote la biashara. "Assalamu alaikum" hufanya kazi ambayo kamusi haiwezi kuifanya. Bibi mmoja aliyekuwa akianika mikufu yake barazani aliiitikia kwa ukamilifu wake, akanitazama, akamwita kijana wake aliyejua Kiingereza, na kabla sijauliza bei nilikuwa nimekwisha kuketishwa na kuletewa chai.

Kwa mwenye kuchunga halali, kuna mambo matatu ya kuuliza: nyama ni ya mnyama gani na amechinjwa na nani; shahamu imetoka wapi; na utumbo ni wa nini. La tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo la kuuliza kwa mkazo unapoikuta tung lò mò katika mikahawa ya miji mikubwa, ambako jina limekwisha kusafiri mbali na wenyewe. Jifunze maneno machache ya Kivietnam ya kusini: "bò" ni ng'ombe, "dê" ni mbuzi, na "heo" ni nguruwe. Nilipomwuliza yule bibi habari za utumbo hakuchukizwa, kijana wake akanifasiria, "Mama anasema umeuliza vema, na kila Mwislamu anayenunua yampasa kuuliza hivyo." Akaninyanyulia beseni nikaona mwenyewe.

Jambo la mwisho la kuuliza ni umri wa soseji. Ziko zilizochacha sana na ziko zilizochacha kidogo, na anayeonja mara ya kwanza aanze na changa, zenye uchachu mpole, kisha apande daraja. Iliyo njema ni ngumu kidogo kidoleni, nyekundu iliyokoza, kavu kwa nje, na yenye harufu ya uchachu safi. Yenye utelezi au yenye harufu nzito ya kuvunda, iache ilipo.

Namna ya kuchoma

Tung lò mò ni nyama mbichi hadi imepita motoni, na sharti hili halina ruhusa ya kulegezwa: uchachu haukuipika. Tayarisha makaa yaliyokwisha kushika majivu meupe, yasiyo na mwali, maana shahamu itaanza kutona mapema, na tone liangukalo juu ya makaa makali huwasha moto ambao huunguza utumbo kabla nyama ya ndani haijapata joto. Panga vipande juu ya wavu vikiwa havijagusana, uvigeuze bila kuchoka, na ukiona ganda limevimba na kung'aa usilichome kwa uma, kwani utamu utamwagikia motoni. Iko tayari pale ganda linapokuwa la rangi ya kahawia, likipasuka hapa na pale kwa hiari yake, na kipande kilichokatwa kikaonekana kimeiva hadi katikati. Kazi hii hutaka subira, na wenyeji huifanya wakizungumza, jiko likiwa katikati ya watu, kila mmoja akigeuza cha mwenziwe.

Namna ya kula

Huliwa ingali moto, pamoja na majani mabichi: nanaa, mrehani na kotmiri, vipande vyembamba vya ndizi mbichi, tango, na lile tunda lenye pembe tano ambalo ni ndugu wa birimbi letu. Kando huwekwa kisahani cha chumvi na pilipili manga, ukikamulie ndimu. Chukua jani, weka kipande cha soseji na kipande cha ndizi, funga, chovya, ule kwa mkono wa kuume. Ganda hutoa sauti chini ya jino, kisha huja mafuta, kisha chumvi na kitunguu saumu, na nyuma ya yote uchachu unaosafisha kinywa ukakifanya kitamani tena. Ukakasi wa ndizi nao huzuia mafuta yasikinaishe. Mtu wa pwani yetu, aliyelelewa kwa mishikaki na achari, ataona kwamba hapa vitu viwili alivyozoea kuvila mbalimbali vimeunganishwa ndani ya ganda moja.

Ukikaribishwa kukaa zaidi, usikatae. Wacham hao wana wali upikwao kwa samli na zabibu, uitwao cơm nị, na nyama ya cà púa iliyopikwa kwa nazi na viungo hadi ikalainika, na mezani pa vyakula hivyo mgeni wa Zanzibar au Mombasa ataona ujamaa usiohitaji maelezo.

Ukitaka kuchukua nyingine

Nunua zilizokwisha kukauka, zifungwe katika mifuko isiyo na hewa, na uzihifadhi penye baridi, kwa kuwa uchachu huendelea njiani na joto la basi huuharakisha. Zimalize ungali ndani ya Vietnam kabla ya kuondoka, kwani nchi nyingi hukataza abiria kuingiza bidhaa za nyama. Usidai kupunguziwa bei kwa ukaidi: siku za kusafisha matumbo na kuanika ni kazi nzito ya wanawake wa nyumba hizo, na bei wanayoitaja ina insafu.

Hayo ndiyo niyajuayo, na juu yake naongeza wasia mmoja. Ukiwa ugenini na kuna chakula usichokila, kiseme waziwazi na kwa upole, wala usione haya. Watu wenye miko kama yako watajitokeza na kukuonyesha njia ya jikoni kwao, na hata wasio nayo watakuheshimu kwa kujua unachosimamia. Ilhali asemaye kwamba anakula chochote hupewa chochote. Wacham walipoteza ufalme, bandari na miji, wakaishi kizazi baada ya kizazi wakiwa wachache miongoni mwa wengi, na katika vitu walivyovilinda hadi leo mojawapo ni mpaka wa sahani yao. Ndani ya mpaka huo wametengeneza nyama ambayo watu wa kila dini huifuata ng'ambo ya mto, na mgeni anayeila kwao akilijua hilo ameila sawasawa.