ELIMU YA AFYA: FIGO ZA MGONJWA WA KISUKARI

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambako wagonjwa wa Bukoba na Muleba hupelekwa ugonjwa unapozidi uwezo wa hospitali za mkoani. Wagonjwa wazima 369 wa kliniki ya kisukari walipimwa mkojo na damu. Kati yao, 309 walikutwa na dalili za ugonjwa sugu wa figo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akijua.

Hilo la mwisho linatisha kuliko idadi yenyewe, kwa kuwa watu hao walikuwa tayari wakihudhuria kliniki.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, hasa ikiambatana na shinikizo la damu, vichujio hivyo hulegea, na protini iitwayo albumini, ambayo hupaswa kubaki katika damu, huvujia kwenye mkojo. Mgonjwa hasikii maumivu yoyote. Katika utafiti huo, wagonjwa 295 walikuwa na albumini kwenye mkojo, ilhali waliokuwa wamekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo kuchuja ni 91. Wengi, basi, walikuwa bado katika kipindi ambacho tiba huweza kuchelewesha madhara: kudhibiti sukari na presha, kupunguza chumvi, na kwa baadhi yao dawa kama losartani, kwa maelekezo ya daktari.

Kipindi hicho kikipita, miguu na uso huvimba, na maji yanayoshindwa kutoka huweza kujaa katika mapafu. Mgonjwa hukosa pumzi alalapo chali, na nyumbani hudhaniwa ana pumu. Figo zikishindwa kabisa, husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, au hupandikizwa figo ya mtu mwingine.

Kipimo cha protini kwenye mkojo ni kijiti kidogo, kile kile wanachopimiwa wajawazito kliniki. Jibu moja halitoshi, kwani homa au maambukizi ya njia ya mkojo nayo huleta protini. Ndiyo maana kipimo hurudiwa, na ugonjwa huitwa sugu ukidumu kwa miezi mitatu au zaidi. Kipimo cha damu cha kreatinini huhitaji maabara, hivyo zahanati inaweza kumpa mgonjwa rufaa ya kwenda hospitalini.

Mwenye kisukari au presha ajihadhari pia na diklofenaki na ibuprofeni, dawa zinazonunuliwa dukani kwa maumivu ya mgongo baada ya kazi ya shambani. Zikitumiwa mfululizo huziumiza figo. Amweleze mhudumu dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwamo, na siku ya kliniki aombe tarehe na jibu la kipimo cha mkojo viandikwe katika daftari lake.