MOSHI WA SIGARA NA MOSHI WA JIKONI: SOMO KWA KAMATI ZA USHARIKA



Somo la robo hii linahusu ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa. Lengo ni kila kamati ielewe kwa nini hatuwezi kuushinda kwa kumkemea mvutaji sigara peke yake.

Ugonjwa wenyewe
Mtu anapovuta moshi au vumbi kwa miaka mingi, njia za hewa huvimba, hujaa makohozi na kuwa nyembamba. Mgonjwa hukohoa kila siku, na baadaye hata kubeba ndoo ya maji humshinda. Ugonjwa hauambukizi. Hauponi kabisa, lakini kuepuka moshi hupunguza kasi yake na dawa za kuvuta huleta nafuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021. Kati ya wanaofariki kabla ya miaka 70, karibu 9 katika kila 10 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati.

Chanzo chake
Katika nchi tajiri, zaidi ya wagonjwa 70 kati ya 100 waliugua kwa sababu ya tumbaku. Katika nchi kama yetu ni 30 hadi 40 tu; moshi wa jikoni ni sababu nyingine kubwa. Huko Turiani, mkoani Morogoro, watafiti waliwapima wanakijiji wa miaka 35 na kuendelea. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa zaidi ya 17 kati ya 100 walikuwa na ugonjwa huu, na wachache sana walikuwa wamepata tiba.

Kisesa na Usukuma
Usukumani miti mingi ilikatwa kwa ajili ya mashamba ya pamba, malisho na vita dhidi ya mbung'o. Kuni zikiadimika, akina mama hupikia mabua na kinyesi cha ng'ombe, ambavyo moshi wake ni mzito. Moshi huo huo hufanya macho kuwa mekundu, na kwa macho hayo vikongwe wengi wa kanda hii wameitwa wachawi, wengine wakauawa. Kumbe ni jiko.

Umaskini unaingiaje?
Mkaa hununuliwa kwa kopo na sigara moja moja, lakini mtungi wa gesi hujazwa kwa mkupuo. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Wafadhili wetu wakumbuke: mtungi usioweza kujazwa tena hugeuka kuwa kigoda.

Kamati ifanye nini?
1. Anayekohoa wiki 2 au zaidi apelekwe kupimwa kifua kikuu. Kama hana na bado anakohoa, aombe rufaa ya kupimwa nguvu ya pumzi. Aliyepona kifua kikuu pia afuatiliwe, maana huacha makovu kwenye mapafu.
2. Tembeleeni majiko. Dirisha, kuni kavu na kupikia nje wakati wa kiangazi husaidia. Mtoto asibebwe mgongoni penye moshi.
3. Wakumbusheni wenye maduka kuwa sheria ya mwaka 2003 inakataza kuwauzia tumbaku walio chini ya miaka 18.
4. Semeni wazi kanisani na mikutanoni kwamba macho mekundu si uchawi.

Maswali ya kujadili
(a) Katika mtaa wenu, nani hukaa kwenye moshi saa nyingi zaidi kwa siku?
(b) Nani huamua fedha ya nyumbani inunue sigara, mkaa au gesi?
(c) Ni vikongwe wangapi wanaishi peke yao, na nani huwatembelea?

Majibu ya swali la tatu yaandikwe kwa majina, na kazi ianzie hapo.